Kazi ya Nzuki Haionekani

Hapa Voi, kuanzia Sofia hadi Birikani, ukitaka hom thieta yenye spika kila pembe ya nyumba bila kuona hata waya mmoja ukining'inia, utatajiwa jina moja tu: Nzuki. Mkewe Kathini, ambaye ni fundi cherehani, humwita Baba Koki. Wateja humwita Fundi. Lakini maneno aliyoyapenda kuliko jina lolote ni yale waliyosema watu wakishamaliza kuzunguka sebule na kutazama kuta: kazi ya Nzuki haionekani. Aliyapenda mpaka yakamlevya, na mimi nayasema haya mapema ili nisije nikadhaniwa namwonea. Alikuwa fundi kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Baba yake, mzee Muinde, alitoka Mutomo akaja kukata katani, akaharibika mgongo huko mashambani, akaapa kwamba mtoto wake hatashika panga. Nzuki akapelekwa kwenye chuo cha ufundi akasomea stima. Akatoka na vyeti, lakini alichokipenda ni sauti. Alipenda vile mtu anavyoketi kwenye kochi lake, anawasha filamu, na mvua ya kwenye filamu inamnyeshea kutoka nyuma, kutoka kando, kutoka juu, naye anageuka kutafuta inatoka wapi.

Alifanya kazi peke yake. Alichora ukuta kwa penseli, akauchonga mfereji, akalaza paipu, akavuta nyaya ndani yake, akaziba kwa simiti, akapiga plasta, akasugua, akapaka rangi ile ile ya mwenye nyumba. Na alikuwa na sheria moja aliyomwambia kila mteja kabla hata ya kufungua begi: waya wa sauti unapita kwenye paipu yake, na waya wa stima kwenye yake. Ukizichanganya, stima inaila sauti, na siku moja inaweza kula mtu. Alilisema hilo kwa uzito wa mchungaji.

Rangi ikishakauka, alikuwa na mchezo wake. Alimwita mwenye nyumba akamwambia, "Haya, nionyeshe waya wangu umepita wapi." Mtu anapapasa ukuta, anagonga, anaweka sikio, anasema hapa. Siyo. Basi hapa. Siyo. Nzuki anacheka mpaka machozi. Hakuna aliyewahi kupatia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shetani alipoketi.

Miaka mitatu iliyopita aliitwa Makwasinyi, kule chini ya mlima Kasigau, nyumbani kwa Mzee Mwandawiro, mwalimu mstaafu. Mwanawe Hudson anafanya kazi ya ofisi Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Hudson alikuwa amewanunulia wazazi hom thieta, akataka ifungwe vizuri. Pale nyumbani walikuwa Mzee, mkewe ambaye kila mtu alimwita Mama Hudson, na Wakesho, mke wa Hudson, pamoja na watoto wake wawili wadogo.

Kazi ilichukua siku nne, na Mama Hudson alizijaza kwa utani. "Wewe Mkamba," alimwambia, "ukimaliza kutoboa nyumba yangu tutalala kwenye matundu?"

"Mama, nikimaliza hata panya hatajua nilipita."

"Tutaona. Kunywa uji kwanza, umekonda vibaya. Huyo mke wako hakupikii?"

Siku ya nne ilibaki spika moja tu, ya verandani. Hiyo ndiyo Mama Hudson aliyoitaka hasa. Alitaka kuketi nje akichambua mbaazi huku akisikiliza nyimbo za kanisani, na ndovu wakikaribia shamba, apandishe sauti mpaka mwisho awatimue. Ilikuwa spika ya chuma, kwenye mkono wa chuma uliofungwa ukutani kwa skrubu nne.

Ukuta wa verandani ulikuwa wa mawe ya mlimani. Ncha ya kwanza ya mashine ya kutobolea ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Hakuwa na ya tatu, na duka la karibu lilikuwa safari ya nusu siku. Nje, pikapu iliyokuwa imrudishe hadi Maungu, kwenye barabara kuu, ilikuwa ikipiga honi, na dereva hakuwa mtu wa subira. Na ndani ya ukuta ule ule, kutoka sebuleni hadi verandani, kulikuwa na paipu tayari. Paipu ya waya wa stima, ule wa soketi ya nje.

Nzuki aliitazama ile paipu. Aliijua sheria yake vizuri kuliko mtu yeyote Taita Taveta nzima. Akajiambia, ni kwa leo tu, wiki ijayo nitarudi na ncha mpya nichonge njia yake. Akasukuma waya wa sauti humo humo, ukalala ubavuni mwa waya wa stima. Pale paipu inapoingilia kwenye boksi la chuma la sebuleni kuna ukingo mkali, na fundi huuvalisha raba ili usikwaruze nyaya. Raba zilikuwa zimemwishia. Akaacha vivyo hivyo, akaziba, akapaka rangi.

Walipowasha, spika ya verandani iliimba, lakini chini ya wimbo kulikuwa na mvumo mdogo.

"Mbona inavuma?" Mama Hudson akauliza.

"Itazoea, mama."

Halafu, kwa vile hata honi haikuweza kumnyima mchezo wake, akamwambia amwonyeshe waya umepita wapi. Mama Hudson akaweka kiganja ukutani, akakitembeza polepole, akasimama karibu na dirisha. Siyo. Akacheka, akampiga Nzuki begani. "Mkamba, wewe ni mchawi!" Nzuki akapanda pikapu akiwa amefurahi.

Hakurudi wiki iliyofuata. Hakurudi mwezi uliofuata. Ninyi mnajua wiki ijayo ya fundi ni ipi.

Miaka ikaenda. Wakesho, kwa kuwa nguo za watoto zilikuwa nyingi na kamba za katani zilikuwa zikioza, alichukua waya wa kufungia vyuma uliobaki wakati wa ujenzi akatengeneza kamba ya nguo. Upande mmoja akaufunga kwenye mwarobaini. Upande wa pili akaufunga kwenye ule mkono wa chuma wa spika. Palikuwa pamekaa sawa, kimo kile kile kinachofikiwa na mkono wa mtu. Mzee aliiona, Hudson aliiona, Mama Hudson mwenyewe alimsifu. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na kwa haki ya Mungu, haukuwepo. Chuma cha spika hakipaswi kuwa na stima.

Novemba iliyopita, siku ya Alhamisi, Wakesho alimpigia Nzuki simu. "Fundi, redio, ile hom thieta yako, imezima yenyewe. Kuna harufu ya kuungua."

"Chomoa plagi yake, usiiguse tena. Nitakuja Jumamosi."

Wakesho akachomoa plagi kama alivyoambiwa. Jumamosi Nzuki alipata kazi Ikanga. Jumapili Wakesho akapiga tena kumkumbusha, na Nzuki, akiona aibu, akaiacha simu ilie mpaka ikachoka. Angetumia akili dakika moja angejua kwamba redio haikuwa imeharibika yenyewe. Ukingo wa lile boksi ulikuwa umesaga ngozi za nyaya miaka mitatu, stima ikaingia kwenye waya wa sauti, ikaunguza redio upande mmoja, na upande wa pili ikafika verandani mpaka kwenye chuma cha spika. Kuchomoa plagi ya redio hakukusaidia lolote. Stima ilikuwa ikitoka ndani ya ukuta.

Usiku wa kuamkia Jumanne kulinyesha. Asubuhi jua likatoka, na Mama Hudson akatoka na blanketi la mjukuu, limelowa, miguu mitupu kwenye simiti yenye maji. Wakesho alikuwa ameenda kuteka maji. Aliporudi alimkuta mama mkwe wake chini ya kamba, blanketi mkononi. Hakumgusa, alikimbia ndani akazima swichi kuu kwanza. Kama si akili hiyo tungezika wawili. Lakini hilo hakuna aliyemsifia.

Watu wa stima walifika wakatenganisha nyaya nje, wakasema fundi aliyefanya kazi ya ndani aitwe aikague kabla hawajarudisha. Hudson akapiga simu akilia. "Fundi, njoo. Mama amekufa. Njoo utuangalizie nyumba."

Nzuki alisafiri roho ikiwa mkononi. Alikuta uwanja umejaa watu, viti vimepangwa, wanawake wa kanisa wakiimba kwa sauti ya chini. Walimpisha. Mzee Mwandawiro alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili akamwongoza mpaka ndani. "Wewe ndiye unajua kuta hizi," alisema. "Tuambie."

Akabaki peke yake. Akalifungua lile boksi, akavuta nyaya nje kidogo, akaziona. Mahali padogo pa kufunikwa na ukucha wa kidole gumba. Ngozi imeliwa, shaba imegusana na shaba, na pembeni pamekuwa peusi.

Aliketi sakafuni. Akamwona Mama Hudson akitembeza kiganja ukutani, akamsikia akisema kunywa uji. Akajisemea, nimemuua. Alijisemea wazi hivyo, midomo ikitembea. Kisha akawaza jela. Akamwaza Koki, binti yake, aliyekuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo cha ualimu. Akawaza jina lake Voi nzima, kila sebule, watu wakiita mafundi wengine waje kubomoa. Hofu ikamkaba, na alipotoka nje, ndiyo iliyotoka naye.

Pale nje Mzee alikuwa amesimama na Hudson. Pembeni yao alikuwa Mkamburi, dada yake Mzee, mwanamke mkali ambaye hata chifu humwogopa. Wakesho alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, watoto wamemwegemea.

"Fundi, ndani kuna makosa?" Mzee akauliza.

"Ndani ni salama, mzee."

"Sasa stima ilifikaje kwenye kamba?"

Hapo ndipo alipaswa kuanguka miguuni pa yule mzee. Badala yake akazungumza kwa ile sauti ya ufundi ambayo watu huiamini kwa sababu hawaielewi. "Chuma cha spika si cha kufungia kamba. Kamba ya chuma, na mvua, na chuma cha spika, inavuta stima."

Uongo mtupu! Hata wanafunzi wa muhula wa kwanza wangeucheka. Lakini Mzee alikuwa mwalimu wa historia, Hudson ni wa hesabu za ofisini, na Mkamburi hakuhitaji kueleweshwa zaidi. Aligeuka polepole akamtazama Wakesho. "Nani alifunga ile kamba?"

Wakesho akainua mkono, kama mtoto darasani. "Ni mimi, shangazi."

Nzuki alikaa siku mbili. Alisema anataka kuipitia nyumba nzima ili familia iwe na amani. Alivuta zile nyaya mbili nje ya paipu, akazikunja akazitia begini. Safari hii alikuja na ncha za kutosha. Alichonga njia nyingine kwenye yale mawe mpaka viganja vikachubuka, akalaza paipu mpya, akavuta waya mpya, akavalisha raba kila ukingo. Akapiga plasta, akasugua, akapaka rangi. Watu wa matangani walimpita wakisema, tazameni fundi huyu, anafanya kazi bila kudai kitu kwa ajili ya marehemu. Mchungaji alimtaja kwenye maombi.

Siku ya mazishi alileta spika zake mwenyewe na maikrofoni, bure. Alisimama nyuma akishika mashine ya kurekebishia sauti, kwa hivyo alisikia kila kitu. Alimsikia Mkamburi akisema kwenye hotuba kwamba mkono uliolishwa na marehemu ndio uliomfungia kamba ya kifo. Zamu ya kutia mchanga kaburini ilipofika kwa Wakesho, Mkamburi akamshika kifundo cha mkono, mchanga ukamwagika, akamrudisha nyuma ya watu wote. Hudson aliona, akageuza uso. Nzuki naye akainama akarekebisha sauti ambayo haikuwa na shida yoyote.

Aliporudi Voi, alichoma zile nyaya nyuma ya kibanda chake. Mafundi wote hufanya hivyo, wanachoma plastiki wanabaki na shaba ya kuuza. Kathini akaichukua ile shaba pamoja na nyingine akaipeleka kwa wa vyuma kuukuu. Ikaisha.

Lakini haikuisha, jamani. Mwezi wa pili, Kathini alikuwa akishona sare huku akizungumza, kama kawaida yake. "Baba Koki, unamkumbuka yule mama wa watoto wawili kule Kasigau? Mteja wangu anatoka kwao Mwatate. Amerudishwa kwao. Watoto wamezuiwa. Na kinachoniuma, yeye mwenyewe anasema ni haki yao. Anasema alimuua mama mkwe wake kwa mikono yake. Hali chakula wala halali usingizi. Mama yake anaficha visu."

Nzuki aliweka kikombe chini. Akamwambia kila kitu, kuanzia ncha iliyovunjika mpaka uongo wa uwanjani. Kathini alisimamisha cherehani. Hakupiga kelele, na yeye ni mtu wa kelele.

"Ile waya iko wapi?"

"Niliichoma. Wewe ndiye uliyepeleka shaba."

Kathini akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Ngai! Mungu wangu, umenitia na mimi." Kisha akasema bila kumtazama, "Inuka. Nenda ukawaambie. Ukifungwa, Koki atasoma nitakavyojua mimi. Lakini ukirudi hapa bila kusema, usiniite mama wa mtoto wako."

Akaenda. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Hudson alikuwa nyumbani. Mzee alimpokea vizuri, akamletea kiti mwenyewe. Mkamburi, ambaye sasa alikuwa amehamia pale kulea wale watoto, alikuwa akipepeta mahindi mlangoni.

Nzuki hakuketi. "Mzee, mimi ndiye nilimuua Mama Hudson," alisema. Akaeleza. Alieleza vizuri, safari hii bila ile sauti ya ufundi, kwa maneno ya mtu wa kawaida: paipu moja, nyaya mbili, ukingo mkali, raba zilizokwisha. Alieleza kwamba kamba ya Wakesho haikuwa na kosa lolote na kwamba ingekuwa salama hata miaka mia.

Mzee akasema, "Tuonyeshe."

Akachukua nyundo na tindo. Alijua mahali hasa, kwa upana wa kidole. Alibomoa plasta karibu na boksi, vumbi likajaa sebule, watoto wakaja kuchungulia wakafukuzwa. Paipu ikaonekana. Safi. Ndani yake waya wa stima peke yake, mpya, umevalishwa raba kila ukingo. Akabomoa upande wa pili. Paipu ya sauti, peke yake, safi vilevile. Lilikuwa somo zuri la namna ya kupitisha nyaya ukutani, hata mkaguzi angempa maksi zote.

"Haya," akasema Hudson. "Hilo kosa liko wapi?"

"Nilibadilisha. Siku zile za matanga. Nilizitoa nikaweka mpya."

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Nilizichoma."

Mkamburi akaweka ungo chini. "Mtu anakuja na hadithi, hana hata kipande cha waya."

Mzee Mwandawiro alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa amezeeka sana tangu Novemba. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwanangu," alisema, "mbele ya watu wote uliniambia ndani ni salama. Leo unaniambia ndani palikuwa na kifo. Nikuamini siku gani?"

"Leo, mzee. Niamini leo."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Hudson alikuwa amekwishasimama. "Mimi najua. Namba yako ilikuwa kwenye simu ya Wakesho. Ndani ya siku tano kabla ya mama kufa. Mara mbili, Alhamisi na Jumapili. Jumapili! Nilimuuliza akasema ni mambo ya redio. Redio siku ya Jumapili, fundi? Siku nne ulikaa na mke wangu hapa mimi nikiwa Mombasa, na leo unakuja kujitia kitanzi kwa ajili yake. Mwanamume hujitia kitanzi kwa ajili ya nani?"

"Hudson, ndugu yangu, alinipigia kwa sababu redio iliungua! Hilo ndilo lenyewe, hilo ndilo..."

"Usiniite ndugu." Hudson alilia sasa, waziwazi. "Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. Mzee anajua. Nilikuwa nimesema Pasaka nimlete aje awaone watoto. Sasa mwambie hivi, kwa vile mnazungumza. Watoto hawa hatawaona."

Nzuki alimtazama Mzee. Mzee alitazama ukuta uliobomolewa. Nzuki akasema atakwenda polisi, ataandika karatasi, ataapa kanisani. Mkamburi akamwambia aende kokote, akaandike mpaka kalamu ziishe, lakini nyumba ya watu haachi hivyo.

"Ziba ukuta wangu," Mzee akasema, "halafu uende."

Basi akaziba. Alichanganya simiti kwenye karai la pale nyumbani, maji akajitekea mwenyewe. Alipiga plasta, akasubiri ishike, akasugua kwa maji na kitambaa. Nusu debe ya ile rangi ilikuwa bado stoo. Mikono haikujua kufanya vibaya, jamani, hata siku ile. Alipomaliza, ukuta ulikuwa mmoja kuanzia mlangoni hadi dirishani. Yule mtoto mdogo akaja akapapasa mahali hapo, akatafuta, akaondoka.

Kwa polisi Nzuki alikwenda kweli, Jumatatu. Askari aliandika nusu ukurasa, akaulizia kielelezo, akafunga kitabu. Alisema familia ikileta malalamiko, watamwita. Familia haikuleta.

Jumatano akaenda Mwatate. Alimkuta Wakesho nyuma ya nyumba ya mama yake, ameketi kwenye kigogo, amekonda mpaka kanga imemzunguka mara mbili. Hakuinuka kumpokea. Mama yake alisimama jikoni akiwaangalia, mwiko mkononi.

"Wakesho, siyo wewe," Nzuki alisema. Alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya gari, yote yakamtoroka. "Ni mimi. Nilipitisha waya wa sauti pamoja na wa stima kwa sababu ncha ilivunjika. Ndiyo iliyounguza redio. Ulinipigia sikuja. Kamba yako haikuwa na kosa. Nilidanganya mbele yao."

Wakesho akainua uso. "Wao wanajua?"

"Niliwaambia. Niliubomoa ukuta. Hawakuamini. Wanasema mimi na wewe..." Akashindwa. "Nimekuharibia zaidi. Hudson amesema hutawaona watoto."

Akainamisha kichwa, akangoja mawe. Alitaka amtukane, amrukie, afanye lolote. Wakesho hakufanya. Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, ameifungua kwenye mapaja, anaigeuza upande huu na upande huu.

"Nilikuwa nimelowa maji, ndoo kichwani," alisema. "Kila siku nakumbuka jinsi nilivyokaza ile kamba. Nilining'inia nayo nione kama imeshika. Nilijisifu." Akaifunga mikono. "Ungesema siku ile."

"Ndiyo."

"Mama yangu angelala. Mimi ningelala."

"Ndiyo, Wakesho."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akageukia jikoni. "Mama! Njoo usikie." Mama yake akaja na mwiko wake, akasimama nyuma ya binti yake. Wakesho akamwonyesha Nzuki kwa kidevu.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole. Anza na pale uliposema siyo mimi."

Nzuki akasema tena, mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, Wakesho akamwambia arudie.